Wananiambia nichore tu

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mchoraji wa kuta na mabango hapa Kirumba, Mwanza. Watafiti wa kichocho wamenipa ukuta wa kuchora mwaloni. Wamekuja na karatasi yao: duara la mishale, yai, konokono, mtu, na maneno yote tayari. Nikiuliza naambiwa, "Wewe chora, sayansi tuachie." Hela naihitaji, ila naona mvuvi hataelewa. Nifanyeje?
Mchoraji, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Duara hilo nalijua. Niliwahi kulichora kwenye ukuta wa zahanati moja, kisha nikawauliza waanika dagaa wanaona nini. Mzee mmoja akasema anaona kisulisuli kimebeba konokono. Hakukosea, kwa mtu wa ziwani, mishale inayozunguka ni upepo. Niliumia sana, maana ukuta ulipendeza na haukumsaidia mtu.

Kazi iliyofuata nilimwomba mtafiti, dada mmoja wa maabara, twende wote ziwani kabla sijachanganya rangi. Alivaa gambuti, akachota konokono kwa chujio la mpini mrefu, akawatia kwenye vikombe vya maji na kuviacha juani. Baadaye akaniita kwenye hadubini. Vimelea vya kichocho vilikuwa vimetoka ndani ya konokono, mikia imegawanyika ncha mbili, vinachezacheza. Hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu.

Nikauliza swali la mchoraji: hutoka saa ngapi? Nilitaka kujua jua niliweke wapi. Akasema vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi kuelekea saa sita mchana. Sote wawili tukageuka kutazama mwalo. Watoto walikuwa wanaoga, kina mama wanafua. Jambo hilo alilijua miaka yote, ila halikuwemo kwenye karatasi yake.

Basi nikachora watu wenye vivuli vifupi, vimejikusanya chini ya miguu. Naye akanizuia: watu watadhani maji ya asubuhi ni salama, na si salama. Alikuwa sahihi. Tukaongeza mtoto wa alfajiri, na mbele kabisa tukaweka choo, kwa sababu mayai huingia ziwani na kinyesi cha mtu mgonjwa.

Kwa hiyo kazi usiikatae, wala usinyamaze. Waombe siku moja ya kwenda nao mwaloni, na siku hiyo ilipwe, maana nayo ni kazi. Chora kwanza kwa penseli, waonyeshe wavuvi wakiwepo watafiti, wasikie kwa masikio yao. Kwenye umbo la konokono watii wao: wa kichocho cha tumbo ni bapa, amejiviringa kama kamba iliyokunjwa. Ukimchora mwenye ncha, umemchora mwingine.

Na wewe pia, usiingie majini bila gambuti.