Maswali ya Wasomaji: Kitabu cha ufunguzi kinunuliwe lini?

SWALI: Nacheza sataranji kwenye simu kila jioni na pointi zangu zimeganda kwenye 1200. Nilinunua kitabu kinene cha ulinzi wa Sisilia, nikakariri hatua 15 za mwanzo. Mpinzani anacheza kitu kingine kwenye hatua ya tatu au ya nne, napotea kabisa. Naombeni mnielekeze kitabu kingine cha ufunguzi. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yetu, kitabu hicho kiweke kabatini kwanza na usinunue kingine cha ufunguzi. Fungua michezo kumi ya mwisho uliyofungwa, na kwa kila mmoja andika ni hatua ya ngapi ulipoliwa kete bure. Kwa wachezaji wengi wa kiwango chako jibu huwa ni katikati ya mchezo, ufunguzi ukiwa umepita zamani: farasi kaachwa bila mlinzi, au malkia na mfalme wamepigwa uma, yaani kete moja imewashambulia wote wawili kwa pamoja. Kukariri Sisilia hakutibu hilo.

Anza na mazoezi ya mbinu. Kitabu cha László Polgár chenye mafumbo 5334, kilichotoka mwaka 1994, kina mafumbo 306 ya kumpiga mfalme mati kwa hatua moja, kisha maelfu ya hatua mbili. Fanya 15 kwa siku. Tazama kwa macho tu, usiguse kete, na andika jibu kabla ya kuangalia nyuma ya kitabu. Anayesogeza kete anajaribujaribu badala ya kuhesabu, na mchezoni hakuna ruhusa ya kujaribu. Ulilokosa liwekee alama, ulirudie baada ya wiki moja.

Cha pili ni Logical Chess: Move by Move cha Irving Chernev (1957). Ni michezo 33, na kila hatua imeelezwa, hata ile iliyo wazi. Kisome ukiwa na ubao halisi. Funika ukurasa kwa karatasi, kisie hatua inayofuata, ndipo ufunue. Chernev anazikaripia mno hatua za askari wa pembeni, h3 na h6 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake). Kanuni hiyo ichukue kama tahadhari, isiwe sheria.

Kwa hatua za mwisho, kitabu cha Jeremy Silman cha mwaka 2007 kimegawanywa kwa viwango vya pointi. Soma hadi sura ya kiwango chako, ufunge. Kama fedha ni ngumu, Chess Fundamentals cha Capablanca (1921) kinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg.

SWALI: Nataka kujipangia funguzi chache za kudumu nazo. Rafiki yangu anasema London inatosha kwa kila mpinzani. Ni kweli? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: London ni ufunguzi mzuri. Ubaya wake ni kwamba huzoesha mtu kucheza hatua zilezile bila kumtazama mpinzani. Askofu akishatoka kwenda f4, askari wa b2 hubaki bila mlinzi wake. Mweusi akicheza c5 kisha Qb6 (malkia kwenda b6), hapo ndipo wengi huanza kutapatapa.

Unahitaji funguzi tatu tu: mmoja wa Mweupe, mmoja wa kujibu e4, na mmoja wa kujibu d4. Chagua zinazofanana kwa mpangilio wa askari, ili unachojifunza kwenye mmoja kikusaidie kwenye mwingine. Pendekezo letu kwa Mweupe ni Kiitaliano cha polepole: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4, kisha d3, c3, mfalme ajifiche upande wa ngome ya karibu, na farasi wa b1 azunguke d2, f1, g3. (N ni farasi, B ni askofu, Q ni malkia; x ni kula kete, na nukta tatu baada ya namba ni hatua ya Mweusi.) Kwa Mweusi, Caro-Kann dhidi ya e4 na Slav dhidi ya d4. Zote mbili zina askari kwenye c6 na d5, na zote zinataka askofu wa c8 atoke kwenda f5 kabla ya e6.

Lakini angalia mpangilio wa hatua. Kwenye Slav, baada ya 1.d4 d5 2.c4 c6 3.Nf3 Nf6 4.Nc3, ukikimbilia 4...Bf5 Mweupe atacheza 5.cxd5 cxd5 6.Qb3, na b7 haina tena askofu wa kuilinda. Kwanza 4...dxc4, Mweupe akizuia b5 kwa 5.a4, ndipo 5...Bf5.

Mfano mwingine ni mkali zaidi. Caro-Kann: 1.e4 c6 2.d4 d5 3.Nc3 dxe4 4.Nxe4 Nd7 5.Qe2. Anayecheza kwa kukariri hujibu 5...Ngf6 (farasi wa g8 kwenda f6), na 6.Nd6 ni mati palepale! Askari wa e7 hawezi kumla farasi kwa sababu malkia wa e2 anamtazama mfalme nyuma yake. Ndiyo maana kwenye daftari lako kila hatua iandikwe pamoja na sababu yake. Ukurasa mmoja kwa kila ufunguzi unatosha kuanzia; kila baada ya mchezo, ongeza mstari mmoja pale ulipotoka njiani.

Ukifika dukani, fungua kitabu cha ufunguzi katikati. Kama hatua ni nyingi kuliko maneno, kirudishe. Kisha tafuta sura ya hatua zisizo za kawaida za mpinzani, kwa kuwa hizo ndizo utakazokutana nazo mara nyingi.

SWALI: Nimepata kitabu cha zamani kwa wauza vitabu vya mitumba. Kimeandikwa P-K4, N-KB3. Kinasomekaje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ni uandishi wa zamani wa Waingereza. Safu zinaitwa kwa jina la kete iliyoanza hapo: K ni safu ya mfalme, KB ya askofu wa upande wa mfalme. P ni askari. Namba huhesabiwa kutoka upande wa anayecheza, na hapo ndipo watu hukosea: P-K4 ya Mweupe ni e4, ya Mweusi ni e5. N-KB3 ni Nf3 kwa Mweupe na Nf6 kwa Mweusi. Ukiona Kt, ni farasi yuleyule.