Mtaji Wenye Sharti

SUALI: Mheshimiwa Mhariri, asalaam aleikum. Sisi vijana wa Wete tumetengeneza programu ya simu ambayo wakulima wa mwani huitumia kuhifadhi kumbukumbu za mizani na kulinganisha bei za wanunuzi. Mwekezaji anataka kutupa mtaji, kwa sharti kwamba wanunuzi waweze kulipia na kuziona kumbukumbu hizo. Tukubali?
Msomaji, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam. Kwa sharti hilo, msikubali. Mnunuzi akijua kila mkulima ana mzigo kiasi gani na aliuza lini kwa bei gani, atakuja ufukweni akiwa ameshapanga bei, na chombo kilichoundwa kumpa mkulima nguvu kitakuwa kinamnyima.

Kukua si lazima kuache dira. Mnaweza kuingia kwenye karafuu, ingawa huko kulinganisha bei hakutawafaa, kwa sababu mnunuzi ni ZSTC, yaani shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, na bei huipanga lenyewe. Kumbukumbu za mizani ndizo zitakazobaki na kazi.

Jengine ni kura za wenye hisa katika maamuzi ya kampuni. Google ilipouza hisa kwa umma mwaka 2004, waasisi wake, Larry Page na Sergey Brin, walibakia na hisa zenye kura 10 kila moja, ilhali ya mnunuzi wa kawaida ilikuwa na kura 1. Utaratibu huo hulinda mamlaka ya waasisi, haulindi nia yao (na nia za waasisi nazo hubadilika), kwa hiyo mwombeni mwanasheria aandike ndani ya katiba ya kampuni kwamba kumbukumbu ni mali ya mkulima na haziuzwi bila ya ridhaa yake. Mwekezaji akikataa kifungu hicho, tafuteni mwengine.