Barua ya "umeteuliwa" na maswali mengine ya programu za kiangazi

SWALI: Binti yangu wa sekondari amepokea barua yenye picha ya chuo kikuu maarufu cha Marekani. Inasema ameteuliwa kujiunga na programu ya kiangazi ya udaktari na uongozi, ila tulipe amana ndani ya siku 10. Tutajuaje kama ina maana? — Mama Neema

JIBU: Mama Neema, usilipe kwanza. Picha ya chuo haithibitishi kitu. Vyuo vingi hukodisha mabweni na madarasa wakati wanafunzi wao wako likizo, na kampuni iliyokodi hujitangaza kwa jina la mwenye nyumba. Ingia kwenye tovuti ya chuo chenyewe, utafute orodha ya programu zao za wanafunzi wa sekondari. Usipoiona, waandikie uwaulize mambo mawili: walimu wameajiriwa na nani, na cheti kinatolewa na nani.

Huko "kuteuliwa" nako kusikupe kiburi. Mara nyingi majina hutokana na fomu za mitihani au dodoso ambazo mwanafunzi aliweka tiki kukubali kutumiwa taarifa. Programu ngumu kuingia hazimteui asiyeomba, na maombi yake huchosha. PROMYS, ya hisabati, wiki 6 pale Boston University, humpa mwombaji maswali magumu ayahangaikie kwa muda mrefu. Ross, nayo ya hisabati, iliyoanza mwaka 1957, hufanya vivyo hivyo. RSI, ya utafiti wa sayansi, inayofanyika katika chuo kikuu cha MIT, haitozi ada, bweni wala chakula. Familia hujigharimia nauli.

Si kwamba kila programu ya kulipia ni ya ovyo. Omba ratiba ya siku moja ya kawaida, saa kwa saa. Tuseme ada ni dola 6,000 kwa wiki 2, darasa ni saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki: hizo ni saa 30, yaani dola 200 kwa saa. Zinazobaki ni ziara, wageni waalikwa na michezo. Kama ndicho mnachotaka, sawa, lakini mjue mnanunua nini. Uliza pia darasa lina wanafunzi wangapi, na nani anasahihisha kazi zao. Penye ukimya kuhusu kusahihisha, aghalabu hakuna kazi ya kusahihisha.

Mwisho, soma masharti ya kurudishiwa fedha: tarehe ya mwisho ya kujitoa, na inakuwaje viza ikinyimwa.

SWALI: Je, programu hizi humsaidia mtoto kupata nafasi chuoni?

JIBU: Kuhudhuria tu, hapana, hata katika chuo hichohicho. Husaidia alichokifanya: utafiti aliouandika, au mwalimu aliyemwona akifanya kazi wiki 6 na anaweza kumwandikia barua ya mapendekezo yenye mifano. Kuhusu kozi za krediti, yaani masomo ya chuo yanayoweza kuhesabiwa kwenye shahada, jihadharini. Alama zake huingia kwenye rekodi rasmi ya chuo, na anapoomba chuo baadaye huenda akatakiwa kuionyesha. Mwenye C ya kiangazi ataibeba. Na si kila chuo kitaikubali krediti hiyo, hivyo hifadhini muhtasari wa kozi.

SWALI: Tuanze lini?

JIBU: Mapema kuliko mnavyodhani. Programu nyingi za ushindani hufunga maombi kati ya Desemba na Machi. Mwalimu wa kuandika barua apewe wiki 3 au 4, pamoja na kazi mbili tatu za mwanafunzi za kumkumbusha. Akiombwa juzi kwa kesho, ataandika sifa za jumla zisizomtofautisha mtoto na mwenzake. Asiye raia anayekwenda Marekani kwa masomo ya saa 18 au zaidi kwa wiki, au ya krediti za shahada, kwa kawaida huhitaji viza ya mwanafunzi, F-1. Haiombwi bila fomu I-20, na fomu hiyo hutolewa na taasisi iliyoidhinishwa. Kwa hiyo ulizeni kabla ya kutoa amana kama wanaitoa, na jina kwenye fomu lilingane na la pasipoti herufi kwa herufi.