Maswali na majibu: mgandamizo ndani ya kisima chenye mafuta na gesi

Iyunga, Mbeya: Nimekokotoa mgandamizo wa chini ya kisima kwa uwiano wa mafuta na gesi vinavyotoka juu. Jibu langu ni dogo kuliko geji ya chini inavyosoma. Kosa liko wapi?

Umechukulia kwamba vyote viwili vinapanda kwa mwendo mmoja. Gesi ni nyepesi, huyapita mafuta na kuyaacha nyuma, kwa hiyo ndani ya bomba mafuta huwa mengi kuliko uwiano unavyoonyesha. Chukua mafuta ya kilo 850 kwa mita ya ujazo na gesi ya kilo 80. Mafuta yakiwa asilimia 30, mchanganyiko una kilo 311, na uzito wake peke yake unaongeza mgandamizo wa baa 3.05 kila mita 100. Yakiwa asilimia 50, ni kilo 465 na baa 4.56. Kosa la baa 1.5 kila mita 100 ni kubwa mno! Kwa kisima cha wima, tumia kanuni ya Hagedorn na Brown (1965), inayokadiria mafuta yaliyomo bombani. Bomba likiinama, Beggs na Brill (1973).

Njombe: Nigawe bomba vipande vya mita ngapi?

Mita 50 hadi 100, vifupi zaidi karibu na mdomo wa kisima ambako gesi hutanuka haraka. Anza juu, kwenye mgandamizo uliopimwa. Kisia mgandamizo wa mwisho wa kipande, tafuta densiti (kilo kwa mita ya ujazo) na mnato (uzito wa kutiririka) kwa wastani wa mgandamizo na joto, kisha kokotoa uzito na msuguano. Jibu likipishana na kisio kwa zaidi ya baa 0.1, lifanye kuwa kisio kipya, urudie.

Iringa: Bomba jembamba litapunguza mgandamizo wa chini?

Kisima dhaifu, ndiyo, maana gesi hukimbia na kuyabeba mafuta. Kisima chenye nguvu, hapana, msuguano hupanda.

Tukuyu: Hesabu hizi zinafaa visima vya hewa ukaa vya Kyejo?

Mpangilio wa hesabu unafaa, ila majedwali ya sifa za gesi asilia yaache kabisa. Hewa ukaa huyeyuka zaidi kwenye maji na hupoa sana inapotanuka. Angalia na geji: Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, mgandamizo wa hewa ni kama baa 0.83, si 1.013 ya pwani. Geji husoma ziada juu ya mgandamizo wa hewa tu, kwa hiyo ikisoma baa 2, ingiza 2.83 kwenye hesabu ya gesi.