Mizuka ya meringi isiyoyeyuka, na makaburi yake

Kila inapokaribia tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween, ambapo watu hujipamba kwa vitisho na watoto hubisha hodi nyumba hadi nyumba wakiomba peremende, mitandao hujaa picha za mizuka myeupe ya meringi (povu la ute wa mayai na sukari lililokaushwa) iliyosimama juu ya makaburi ya chokoleti. Picha haionyeshi hali ilivyo saa mbili baadaye: mizuka imeinama, miguu imeyeyukia kwenye kastadi, migongo inatoka jasho la sukari. Kosa karibu kila mara ni maji. Ama yalibaki ndani ya meringi, ama yametoka hewani, ama yamepanda kutoka kwenye kastadi. Mapambo yanaweza kusubiri, unyevu hausubiri.

Vipimo vya hapa vinatosha watu kumi hivi, kwenye bakuli pana la kioo la sentimita 20 kwa 30.

Anza na mizuka, siku moja au mbili kabla. Unahitaji ute wa mayai makubwa 3 (gramu 100 hivi), sukari nyeupe gramu 200, siki nyeupe au maji ya ndimu nusu kijiko cha chai, na vanila kidogo. Uwiano ni ute mmoja kwa sukari mbili kwa uzito. Ukipunguza sukari kwa sababu unaona ni nyingi, mizuka haitasimama, kwa kuwa sukari ndiyo inayoshikilia povu. Mwenye kukwepa sukari atengeneze kitu kingine siku hiyo.

Tenga mayai yakiwa ya baridi, maana kiini cha yai la baridi hakipasuki ovyo. Tone la kiini likiingia kwenye ute, anza upya, kwa sababu mafuta huzuia povu kupanda. Ndiyo sababu bakuli la plastiki halifai: hubaki na mafuta hata baada ya kuoshwa. Tumia la stili au la kioo, ulipanguse kwa karatasi yenye siki.

Wengi hupiga ute mbichi na kuongeza sukari kijiko kwa kijiko. Njia hiyo inafaa kwa meringi bapa, lakini kwa mizuka mirefu tumia njia ya Kiswisi. Changanya ute, sukari na siki kwenye bakuli, uliweke juu ya sufuria yenye maji yanayotokota polepole, kitako cha bakuli kisiguse maji. Koroga bila kuacha hadi kipimajoto kisome nyuzi 71 za Selsiasi. Joto hilo linaua salmonela, nalo linayeyusha sukari yote. Sugua tone kati ya vidole viwili: ukihisi chembe, bado. Sukari isiyoyeyuka ndiyo huchuruzika baadaye kama asali juu ya trei. Ukiacha kukoroga, ute utaiva pembeni na utapata vipande vya yai la kuchemsha.

Ondoa motoni, upige kwa mashine kwa kasi ya juu hadi bakuli lipoe kabisa, dakika 7 hadi 10. Mchanganyiko uwe mzito, unang'aa, na ukiinua mchapo ncha isimame wima. Ncha ikijikunja, endelea. Ikianza kuonekana kavu na yenye mabonge, umepitiliza. Vanila iingie sekunde za mwisho.

Mfuko wa kupambia keki si lazima. Mfuko mgumu wa zipu uliokatwa kona tundu la sentimita moja na nusu unatosha. Gundisha karatasi ya kuokea kwenye trei kwa matone ya meringi, isipeperuke. Shika mfuko wima, sentimita moja juu ya karatasi, kamua hadi kitako kifike upana wa sentimita 3, inua kidogo, kamua tena kichwa kidogo zaidi, kisha acha kukamua kabla ya kuvuta juu. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayotoa ncha nzuri. Anayevuta huku bado anakamua hupata mkia mrefu unaoanguka ubavuni. Utapata mizuka 25 au zaidi. Usisikitike mingine ikitoka imepinda. Mzuka ulionyooka sana hautishi mtu.

Sasa oveni. Meringi haiokwi, inakaushwa. Weka nyuzi 90 hadi 95, yaani 200 kwenye oveni za Marekani zinazosoma Farenhaiti, na uzime feni kama inazimika. Acha saa mbili bila kufungua mlango, kisha zima moto na uache trei humo humo hadi oveni ipoe, hata usiku kucha. Mzuka ulioiva hubanduka wenyewe kwenye karatasi. Ukinata, rudisha moto nusu saa. Rangi ya hudhurungi maana yake oveni ni kali kuliko namba zake zinavyodai, jambo la kawaida sana, kwa hiyo kipimajoto cha kuning'iniza ndani ni pesa iliyotumika vizuri. Nyufa hutokana na moto mkali au mlango uliofunguliwa mapema.

Macho huchorwa baada ya kukauka, kwa kijiti cha meno kilichochovywa kwenye chokoleti iliyoyeyushwa. Hakikisha kijiti na bakuli ni vikavu, tone la maji hugandisha chokoleti ikawa kama udongo. Shanga za sukari za rangi ziepuke, rangi yake hutiririka. Kisha fanya jambo ambalo mapishi mengi hayasemi: yeyusha chokoleti nyeusi gramu 100 na uchovye kitako cha kila mzuka, usimamishe kwenye karatasi hadi igande. Mafuta ya chokoleti yanazuia maji ya kastadi yasipande.

Hifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa, nje ya friji. Kwa walio Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, Oktoba ni mwanzo wa vuli na hewa yenyewe ni maji: toa mizuka ikiwa na vuguvugu, iingie koponi moja kwa moja. Iliyolainika hufufuka kwa dakika 20 hadi 30 kwenye nyuzi 90, ila ufanye hivyo kabla ya kuchora macho na kuchovya vitako.

Kastadi itatumia viini 3 vilivyobaki. Changanya kwenye sufuria kakao gramu 50, konifulawa gramu 60, sukari gramu 150 na chumvi chembe. Ongeza viini na maziwa kidogo upate uji usio na mabonge, halafu maziwa mengine hadi yatimie lita moja. Pika ukikoroga hadi ichemke, na ikichemka endelea dakika moja nzima. Viini vina kimeng'enya kinachokula wanga. Kisipouawa kwa moto, kastadi nzito ya jioni huwa supu asubuhi. Ipua, ongeza chokoleti nyeusi gramu 100 na siagi kijiko cha chakula, mimina kwenye bakuli, funika kwa plastiki inayogusa uso wa kastadi, weka friji kwa muda wa saa nne.

Udongo ni biskuti za kakao gramu 250 zilizopondwa. Ukitumia Oreo, kwangua krimu kwanza, la sivyo unapata tope. Mawe ya makaburi ni biskuti za mstatili zilizoandikwa kwa chokoleti.

Damu nzuri, yaani mchuzi mwekundu wa kupambia, hutoka kwenye rozela, ambayo wengine huita choya, na ughaibuni huuzwa kavu kwenye maduka ya Wamexico na ya Waarabu. Chemsha gramu 30 katika maji mililita 400 kwa dakika 10, chuja, ongeza sukari gramu 120. Konifulawa kijiko kimoja cha chakula, iliyokorogwa kwa maji baridi, iingie mwishoni na ichemke dakika moja tu, kwani uchachu wa rozela ukichemka muda mrefu na wanga huuvunja, na damu inakuwa maji.

Kuna wanaotumia mashimelo, peremende laini za povu la sukari, badala ya meringi. Ni rahisi, lakini Marekani mengi yana jelatini ya nguruwe, kwa hiyo soma pakiti au tafuta yenye alama ya halali.

Kitindamlo hiki ni cha mezani, si cha kugawia watoto wanaobisha hodi usiku huo. Wazazi wengi wa Marekani hawapokei kitu ambacho hakijafungwa kiwandani, na shule nyingi hudai orodha ya viambato. Hapa kuna mayai, maziwa, na ngano ya biskuti. Waambie wageni mapema.

Kupanga: udongo na mawe saa moja kabla ya kula, mizuka dakika 15 kabla, damu ikiwa imepoa kabisa na wageni wameshakaa. Usiimimine juu ya mizuka. Izungushie pembeni kwa kijiko, vinginevyo mizuka itatoboka.