Kamba, springi na platini: maswali yenu kuhusu kuwasha mashine kuukuu za nyasi za Australia

Halmashauri za miji hapa Australia zikitangaza wiki ya kuweka vitu vikubwa kando ya barabara, barua zenu huongezeka. Wengi mmepanga nyumba zenye uwanja, na mkataba unasema nyasi ni juu ya mpangaji. Mashine mpya ni ghali, ile ya barabarani ni bure, basi mnaikokota hadi nyumbani, na hapo ndipo inapogoma. Wiki hii nimechagua maswali ya kuwasha peke yake. Visu na magurudumu yatasubiri.

Shikamoo fundi. Nimeokota mashine ya Victa ya zamani sana hapa Toowoomba. Haina kamba wala tundu la kutokea kamba. Juu ya injini kuna puli tu yenye pengo. Kuna kifaa kimeng'olewa?

Marahaba, mama. Hakuna kilichong'olewa. Imepotea kamba tu, na kamba hiyo hata mashine ilipokuwa mpya ilitundikwa bandani, haikufungwa kwenye injini. Unapiga fundo kwenye ncha moja, unalitia fundo katika lile pengo, unazungusha kamba kwenye puli mara mbili au tatu, kisha unavuta kwa mkupuo mmoja. Kamba inachomoka yote na kubaki mkononi. Isipowaka, unaanza upya.

Nunua kamba ya nailoni iliyosukwa, unene wa milimita nne au tano, urefu wa mita moja hivi, na ncha ya pili uifunge kipande cha mti kiwe kishikio. Fundo liingie na kutoka kwa urahisi. Likikwama na injini ikawaka, ile kamba itazunguka na puli na kukuchapa. Kwa sababu hiyohiyo usiizungushe kwenye kiganja hata siku moja, maana injini ikirudi nyuma itavuta na vidole.

Kabla ya kuvuta, hakikisha unazungusha kamba upande unaofaa. Chomoa waya wa plagi, inamisha mashine, tazama makali ya visu: injini inatakiwa izunguke upande ambao makali yanatangulia. Usidharau hili, kwa sababu injini ya mipigo miwili (ile inayochoma petroli iliyochanganywa na oili) inaweza kukubali kuwaka kinyumenyume na kunguruma vizuri tu, huku nyasi zikilazwa badala ya kukatwa.

Mimi naipenda njia hii kuliko zote zilizokuja baadaye. Haina springi ya kukatika wala meno ya kulika. Puli ya aina hiyo niliyoikuta imekufa ilikuwa imegongwa nyundo na mtu.

Fundi, jirani yangu Mzungu, mzee wa miaka themanini, ananiambia Victa ya kwanza ilikuwa na kopo la matunda badala ya tangi la petroli. Ananitania? – Msomaji, Adelaide

Hakutanii. Mervyn Victor Richardson aliiunda mwaka 1952 katika gereji ya nyumba yake huko Concord, Sydney, na tangi lilikuwa kopo la pichi. Mwanawe Garry alikuwa akikata nyasi za watu ili apate pesa za masomo, na mashine za wakati ule zilikuwa nzito, zenye visu vilivyozungushiwa pipa mithili ya mashine za viwanja vya gofu. Wazo la kisu kinachozunguka chini ya sahani halikuwa geni: Lawrence Hall wa Sydney alikuwa ameshatengeneza mashine ya namna hiyo mwaka 1948, akaiita Mowhall. Richardson alichukua injini ndogo ya Villiers kutoka Uingereza na kuilaza ubavu, krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) ikasimama wima, visu vikafungwa moja kwa moja kwenye ncha ya chini. Jina Victa akalitoa katika jina lake la kati.

Ulazaji huo ndio uliotuletea namna ya kuwasha tuliyo nayo mpaka leo. Krankshafti ikisimama, ncha moja inashika visu na ncha nyingine inaelekea juu ikiwa na flaiwili, gurudumu linalozunguka pamoja nayo. Pa kuwekea puli ni hapo juu tu, ndiyo maana unainama na kuvuta kwa ubavu. Hata mashine ya mwaka huu dukani, ukiifunua kofia, utaona mpangilio ni uleule.

Biashara ilikua haraka ajabu. Kufikia 1958 kiwanda cha Milperra kilitoa mashine zaidi ya 140,000 kwa mwaka, na katika miaka ya 1960 kampuni ikathubutu hata kutengeneza ndege ndogo, Airtourer. Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa Sydney mwaka 2000, mashine za Victa ziliingia uwanjani kwenye sherehe. Mwulize jirani yako kama aliitazama kwenye televisheni, na jiandae kukaa hadi jioni.

Oili kiasi gani kwenye petroli?

Victa yenye injini ya Villiers: sehemu moja ya oili kwa 16 za petroli. Za baadaye, zikiwemo zenye injini ya Victa yenyewe iitwayo Power Torque: moja kwa 25, yaani mililita 200 kwa lita tano. Tumia oili ya mipigo miwili, usitie ya gari iliyobaki. Petroli iliyokaa ndani ya tangi tangu mwaka juzi imwage kabla hujavuta hata mara moja.

Kaka, nimebadilisha plagi mara mbili, nimebadilisha kamba, nimevuta mpaka bega linawaka moto. Haitoi hata kikohozi. – Msomaji, Perth

Pole, ndugu yangu. Umehangaika na kamba, na kamba haina kosa. Kazi yake ni kuzungusha flaiwili basi. Sumaku iliyo kwenye flaiwili ndiyo inayopita mbele ya koili na kuzalisha umeme, na cheche inaruka pale platini, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana chini ya flaiwili, zinapoachana. Kwenye mashine iliyolala bandani miaka mingi, platini hushika ukungu mweupe, umeme haupiti, na hutaona dalili yoyote kwa nje.

Toa plagi, ivishe waya wake, gusisha chuma cha plagi kwenye kichwa cha injini mbali na tundu, mtu avute, nawe tazama kwenye kivuli. Usipoona cheche, flaiwili itoke. Tumia kivutio chake, yaani kifaa cha kuichomolea. Ukipiga nyundo kwenye ncha ya krankshafti utaipinda au utauharibu uzi wa nati, na hapo mashine ya bure inakuwa na gharama. Platini zisugue taratibu kwa msasa laini, halafu pitisha kati yake karatasi safi isiyo na mafuta, maana alama ya kidole chako inatosha kuzuia umeme. Pima nafasi zikiwa zimeachana kabisa. Kwenye Briggs & Stratton za zamani, injini za Kimarekani, ni inchi 0.020, yaani nusu milimita. Villiers huwa ndogo kidogo kuliko hapo.

Kama cheche ipo lakini ni ya njano na dhaifu, mshuku kondensa, kile kikopo kidogo kilichounganishwa na platini. Kama hakuna kabisa hata baada ya kusafisha, koili. Wenye Briggs mna bahati ya ziada: kuanzia 1982 kampuni hiyo iliachana na platini na kuweka mfumo wa elektroniki, na nyingi kati ya injini za kabla ya hapo zinakubali kufungwa koili hiyo mpya, platini zikasahaulika. Wapenzi wa vitu vya kale watakununia. Nyasi hazijali.

Mashine yangu ya Rover yenye injini ya Briggs inarudisha kamba kwa nguvu, nusura inivunje kidole. Niiogope? – Dada, Brisbane

Iogope kidogo, dada, mpaka ujue sababu. Anza na visu. Flaiwili ya injini hizi ni nyepesi, na injini inategemea uzito wa kisu uisaidie kuzunguka. Kisu kikilegea, pistoni inapopanda na cheche kuruka, hakuna uzito wa kutosha wa kuisukuma ipite juu, inarudi ilikotoka na kamba inaenda nayo. Chomoa waya wa plagi, shika kisu kwa glavu nene, kitikise. Kikicheza, kaza, jaribu tena.

Kama kimekaza, uliza nani aliitumia kabla yako na kama iligonga jiwe au mzizi. Kati ya flaiwili na krankshafti kuna kichuma kidogo laini kilichopachikwa kwenye mfereji, mafundi wanakiita kii. Kishindo kikija ghafla, kii inakatwa au inapinda, flaiwili inahama kidogo, na cheche inaruka wakati si wake. Fungua utazame. Hata kuhama kwa milimita moja kunatosha kuleta mateke hayo. Kii mpya ni bei ya soda. Usichonge ya chuma kigumu ukadhani umekuwa mjanja. Kishindo kijacho kitahamia kwenye krankshafti.

Juu ya injini ya mashine niliyopewa kuna mkono wa kukunjua kama wa kusagia nyama. Ni wa nini?

Huo ni uwashaji wa kukaza springi, Briggs & Stratton waliupenda sana miaka ya 1960, na injini zao zilifungwa kwenye mashine nyingi za hapa. Unakunjua mkono, unazungusha mpaka springi ikaze, halafu unaukunja au unasukuma kitufe, kutegemea aina, na springi inajifyatua na kuizungusha injini. Uliuzwa kwa wasio na nguvu za kuvuta kamba.

Siupendi, na sababu ni hii. Springi iliyokazwa inakaa na nguvu zake hata wewe ukienda kunywa chai. Kama injini imekwama kwa nyasi mbichi zilizojibana kwenye kisu, nawe ukainama kuzitoa, kisu kinaweza kuzunguka kabla hujaondoa mkono. Kwa hiyo usiiguse mashine hiyo kwa chini kabla ya kufyatua springi na kuchomoa waya wa plagi, vyote viwili. Na kasha la springi usilifungue kwa bisibisi kutaka kuona ndani. Ikiwa imevunjika, ng'oa mtambo mzima ufunge wa kamba inayojirudisha. Kwa injini nyingi za Briggs unaingia bila taabu.

Nikivuta, kamba inakuja nyepesi na injini haizunguki kabisa. Nimepaka grisi lakini shida imezidi.

Hiyo grisi ndiyo imezidisha. Kwenye Briggs ya kamba inayojirudisha, kilicho katikati ya flaiwili ni kikombe chenye gololi za chuma zinazotembea. Ukivuta, gololi moja inadondoka na kujibana, injini inashikwa. Injini ikiwaka, gololi zinatupwa nje na kuachia. Zinataka kuwa huru na kavu. Uchafu na grisi vikichanganyika, gololi zinaganda mahali pamoja. Ng'oa, osha kwa petroli au mafuta ya taa, kausha, rudisha bila kilainishi ndani ya kikombe.

Nina umri wa miaka sitini na mitano na bega bovu. Victa yangu ya mipigo miwili ni ngumu kuvuta. Niiache? – Mzee wa Melbourne

Shikamoo mzee wangu. Usiiache bado. Victa za Power Torque zina vali ndogo kwenye kichwa cha silinda inayopunguza mgandamizo wakati wa kuvuta, kisha inajifunga injini ikiwaka. Ikiziba kwa masizi, mgandamizo wote unabaki juu ya bega lako. Isafishwe au ibadilishwe. Kijana mwenye spana atamaliza kabla chai haijapoa.

Ikiwa ni ya zamani zaidi, haina vali hiyo, basi dawa ni namna ya kuvuta. Vuta polepole mpaka uhisi pistoni imekaza. Rudisha kamba taratibu. Sasa vuta kwa mkupuo, kwa kugeuza kiuno, mkono ukiwa umenyooka. Na kama kabureta ni ile ya plastiki yenye kofia ya mpira ya kubonyeza, bonyeza kwanza ili petroli ifike. Ukivuta bila kubonyeza unachosha bega bure. Mpira wa ndani ukikakamaa kwa uzee, kofia itabonyea lakini hakuna kitakachofika, nao unauzwa peke yake.

Wenye Briggs ngumu, nanyi sikieni: injini hizo hupunguza mgandamizo kwa kuacha vali ya kuingizia wazi kidogo wakati wa kuvuta. Nafasi ya vali ikizidi kipimo, msaada huo unapotea. Kubadilisha kamba hakutasaidia lolote.

Mashine yangu ya Scott Bonnar, ile yenye visu vya pipa, iliwaka vizuri halafu ikanikimbia hadi kwenye ua wa jirani. Kwa nini?

Kwa sababu hukuachanisha klachi. Scott Bonnar za Adelaide, hasa Model 45, zinajiendesha zenyewe kwa mnyororo. Kabla ya kuvuta kamba, hakikisha mkono wa kuendesha na wa kuzungusha visu yote imetolewa, na mkono wa petroli uko kwenye mwendo wa chini. Ikiwa imetolewa na bado inakimbia, waya wa klachi umekaza mno au umeshika kutu. Ulegeze kwenye nati yake ya kurekebishia. Ua wa jirani, hilo lenu wawili.