Mwanangu, usiilipe kwanza hiyo ada ya kilabu

Mwanangu Idrisa,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Unasema mwenzio wa kazini huko Macon, jimbo la Georgia, amekukaribisha kwenye kilabu chao cha kuwinda kulungu karibu na Monticello: ekari 1,100 za misonobari walizokodi kwa kampuni ya mbao, wanachama 15, ada dola 1,450 kwa mwaka, na jibu wanalitaka kabla ya tarehe 1 Juni. Ukaniuliza, "Mama, niingie nisiingie? Baba angesemaje?"

Baba yako angesema ingia kabla hujamaliza kuuliza, kwa hiyo ni heri umeniuliza mimi. Risasi sijapiga hata moja maishani mwangu, lakini miaka kumi ya kilabu cha marehemu ilipita jikoni kwangu, na daftari la hesabu nilikuwa naliandika mimi. Siku aliponiambia amejiunga na kilabu nilinyamaza kutwa nzima. Kwetu Muheza kilabu ni mahali pa kunywea mnazi, na mimi sikuolewa na mlevi. Ilibidi anipeleke mpaka getini nikaone miti kwa macho yangu ndipo nikampikia.

Tuanze na daftari, maana mkeo atauliza hilo kabla ya lolote. Nimefungua mwaka 2019. Ada 950. Leseni ya uwindaji ya jimbo 15, na ya wanyama wakubwa 25. Mbegu na mbolea za malisho ya kulungu, fungu letu, 90. Mahindi ya chambo 130. Petroli, kutoka nyumbani Decatur kwenda na kurudi kila Jumamosi, 340. Ngazi mpya ya dungu, kile kichanja cha mtini cha kumvizia kulungu, pamoja na mikanda 210. Bucha, kulungu wawili, 200. Jumla dola 1,960. Nyama iliyoingia kwenye friza ilikuwa ratili 83. Gawanya mwenyewe: karibu dola 24 kwa ratili. Kwa bei hiyo hapa jirani Clarkston ningepata ratili ya mbuzi aliyechinjwa na kukatwakatwa, na ya mchele ikabaki. Na huo ulikuwa mwaka mzuri. Mwaka 2016 alirudi na kupe wawili na mafua.

Kwa hiyo kama ni nyama unayoitaka, jibu umeshalipata. Nayo hata ikikuzidi huruhusiwi kuiuza. Kumgawia jirani ni sawa, kumuuzia ni kosa la sheria. Nakwambia mapema kwa sababu nawajua watu wetu, wakisikia una friza imejaa wataanza kukuuliza bei.

Lakini sikusikia njaa ya nyama katika sauti yako. Mwishoni kabisa, ukidhani umeshamaliza, ulisema, "Na kitengo chetu karibu wote wamo." Hapo ndipo niliporudi kusikiliza tena. Unaona uchungu Jumatatu asubuhi wakisimuliana ya porini na wewe umesimama na kikombe chako. Si jambo la kuonea haya. Baba yako naye aliingia kwa sababu hiyo hiyo, akiwa na miaka arobaini na minane, tena kwa Kiingereza cha kutafuta maneno.

Basi nikueleze alichokipata, kizuri na kibaya.

Ekari 1,100 ukizigawanya kwa watu 15 unapata sabini na tatu kila mmoja. Ni hesabu ya karatasini. Katikati ya Georgia madume huanza kuhangaika kutafuta majike mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba, na Jumamosi za wiki hizo watu wote 15 wanakuja, wengine na shemeji zao. Msitu uliokuwa mkubwa Agosti unakuwa kama stendi ya basi. Ndiyo maana uliza kwanza habari ya ubao. Kwenye kilabu cha baba yako palikuwa na ubao getini wenye ramani, na kila mtu anachomeka kibanio chenye jina lake kwenye dungu atakalokaa, halafu anakichomoa akitoka. Huchomeki, huingii. Pale ambapo ubao unafuatwa, unajua kila bunduki iko wapi. Palipo na ubao mzuri lakini vibanio vimejaa vumbi, usikanyage.

(Dungu nasema mimi. Wao wana majina yao, ila kile ni dungu tu, kama lile alilokaa babu yako shambani usiku kufukuza nguruwe wasimalize mahindi. Baba yako alicheka sana alipoliona mara ya kwanza. Akasema amevuka bahari nzima aje kulipa pesa apande dungu.)

Aliyekuwa akisimamia ubao ni mzee mmoja mstaafu wa reli. Nyumbani tulimwita Mzee wa Geti, kwa sababu funguo zilikuwa kwake. Yeye ndiye aliyemfundisha baba yako kusoma nyayo, kukaa na upepo usoni, na kuacha kupiga pale ambapo huoni kilicho nyuma ya mnyama. Alimweleza kwamba babu yake yeye, mwenyeji wa papo hapo, aliishi akazeeka bila kumwona kulungu hata mmoja, maana walikuwa wamewindwa wakamalizika Georgia karibu yote, na hawa wa leo ni kizazi cha waliorudishwa kwa malori kutoka kwingine. Ndiyo sababu alikuwa mkali. Jimbo linakuruhusu kulungu 12 kwa msimu, madume wasizidi wawili. Kilabu chao kiliruhusu watatu tu, na ukipiga dume mdogo unalipa faini. Kanuni za namna hiyo haziko kwenye leseni, ziko kwenye karatasi ya kilabu. Iombe uisome yote.

Sasa lile ambalo hukuliuliza. Baba yako alikuwa Mwafrika peke yake mle. Mwaka wa kwanza, asubuhi moja bado giza, mtu wa shamba la jirani alimsimamisha barabarani, taa usoni, akitaka kujua anafanya nini pale na bunduki. Alijibu kwa adabu, akaonyesha kadi ya kilabu, akaachwa. Nyumbani hakusema. Nililijua baada ya wiki mbili, na alilisema kwa sababu limeshatengenezwa: Mzee wa Geti alimpakia kwenye gari lake, akampitisha kwa majirani wote wa mpakani, dukani, na kwa askari wa wanyamapori, kila mahali akisema huyu ni mwenzetu, mtazameni sura vizuri. Mwaka 2020, baada ya Ahmaud Arbery kuuawa kwa risasi karibu na Brunswick akiwa anakimbia mazoezi tu barabarani, nilimwomba marehemu asiende msimu ule. Hakunijibu. Jumamosi ya kwanza saa kumi za alfajiri nikasikia gari nje. Mzee amekuja kumchukua mwenyewe kutoka kule kote, na kila Jumamosi ya msimu ule akafanya hivyo hivyo.

Nimekusimulia haya si kukutisha wala kukutuliza. Muulize huyo mwenzio swali moja: nikiingia, nani atanipitisha kwa majirani? Akikujibu jina la mtu, vizuri. Akikujibu kwamba hapo hamna shida kabisa, hajaelewa unachomuuliza.

Mzee alifariki 2021. Funguo zikaenda kwa kijana mwenye haraka. Msimu huo huo baba yako alipanda dungu la pamoja ambalo mkanda wake ulikuwa umeoza kwa jua miaka mitatu bila mtu kuubadilisha. Akaanguka, mfupa wa bega ukavunjika. Mkanda wake wa mwilini alikuwa bado hajaufunga kwenye mti, maana alikuwa na mazoea ya kuufunga akishafika juu. Siku hizi kuna kamba inayoanzia chini kabisa, unajifunga kabla mguu haujaacha ardhi. Hospitali tulilipa wenyewe. Kilabu kilikuwa na bima, ndiyo, kwa sababu mwenye ardhi aliitaka, lakini iliyokuwa ikilindwa ni mali ya mwenye ardhi, na baba yako alikuwa ameshatia saini karatasi ya kutodai chochote. Sikuijua karatasi hiyo mpaka siku ile. Wewe ijue kabla ya kuweka kalamu.

Halafu Machi kampuni ya mbao yenye ardhi ile ikaleta mashine, ikakata misonobari ekari mia nne kwa wiki chache. Ilikuwa haki yao, imeandikwa kwenye mkataba, na ada haikurudi. Watu huzungumza juu ya kilabu kana kwamba wana shamba. Hawana. Wana ruhusa ya mwaka mmoja kwenye miti ambayo mwenyewe ameipanda aikate. Angalia umri wa miti ya hao wa Monticello. Ikiwa minene ya kuuzwa, ada yako ya mwaka huu huenda inanunua visiki vya mwakani.

La dini najua utaniuliza. Baba yako alipiga Bismillah kabla ya kuvuta kifyatulio, akikimbilia na kisu ili akimkuta mnyama bado hai amchinje. Masheikh wana maneno juu ya mnyama aliyekufa kwa risasi, kwa hiyo muulize imamu wenu wa Macon, usiniulize mimi. Jioni motoni kulikuwa na bia, na yeye alikuwa na chupa yake ya chai ya tangawizi, hakuna aliyemkera. Ila mzee alikuwa na sharti: bia haifunguliwi mpaka bunduki ya mwisho imeingia kwenye mfuko wake na kufungwa. Hilo nalo lichunguze kwa macho, usiulize kwa mdomo.

Haya, nionavyo mimi. Usilipe kabla ya tarehe 1 Juni. Waambie unaomba kwenda nao siku ya kazi mwezi wa Agosti, ile ya kusafisha njia, kukaza madungu na kulima malisho, ukafanye kazi bila kuwa mwanachama. Mgeni anayekuja na jembe wakimkataa, umeokoa dola 1,450. Wakikupokea, kaa pembeni utazame nani anapekua mikanda, nani anakaa kwenye gari, na wanakuitaje usipokuwa karibu. Nafasi huwa zinatokea. Katika kila watu 15 kuna mmoja mke amemchoka kila Novemba.

Na msimu huu anza na ardhi ya umma. Umezaliwa baada ya 1961, kwa hiyo kozi ya usalama wa uwindaji ni lazima hata ukitaka kwenda na kilabu. Imalize kiangazi hiki. Eneo la Cedar Creek liko hapo hapo upande wa Monticello, ni msitu wa serikali, na baba yako alikwenda huko miaka miwili ya mwisho akiwa na bega bovu. Alilalamika watu ni wengi, lakini alikwenda. Vaa ile rangi ya chungwa inayowaka, inchi za mraba 500 kiunoni kwenda juu, sheria haina utani. Ukipata mnyama, toa taarifa kwa jimbo ndani ya saa 24. Na usimchukue binamu yako wa chuo ukampa bunduki ashike kidogo apige picha. Yuko kwa viza ya masomo, na sheria ya shirikisho inawakataza wenye viza za muda kushika bunduki isipokuwa kwa vighairi vichache, kimojawapo kuwa na leseni halali ya uwindaji. Picha apige na sungura wa Eatonton. Unamkumbuka? Ile sanamu ya Brer Rabbit, sungura mjanja wa hadithi, mbele ya mahakama, ulipokuwa mdogo ukakataa kuondoka. Nilikusimulia kwamba hadithi zake zililetwa na Waafrika waliouzwa utumwani, ukaniuliza kama sungura naye aliletwa kwenye meli.

Mkeo umemwambia? Jumamosi za Novemba ni zake pia, na huyo mtoto hajatimiza hata miezi sita. Mimi nilikuwa na nyinyi wakubwa.

Bunduki ya marehemu iko kabatini, ufunguo ninao. Sijasema naitoa. Njoo Jumapili na familia, nitatoa pande la mwisho la friza nililoweka kwa tui, na daftari utalichukua. Fulana yake ya chungwa nimeifua wiki hii baada ya kusikia ujumbe wako. Mfukoni mlikuwa na kokwa za tende tatu na kibanio chenye jina lake.

Mama yako